Maji, Umeme na Taka: Kuisoma Tathmini ya Jengo Jipya kwa Jicho la Fiqhi



Ndugu msomaji, Jabe ni mtaa uliobanana na Buyenzi na Bwiza. Viwanja vyake ni vidogo, na mara nyingi ua mmoja huwa na familia kadhaa zinazotumia bomba moja na choo kimoja. Panapobomolewa nyumba ya chini na kupandishwa ghorofa mahali kama hapo, watu huuliza kodi itakuwa kiasi gani na fremu za maduka zitakuwa ngapi. Ni wachache wanaouliza kama bomba lililokuwa likihudumia watu kumi litawatosha watu mia mbili, au uchafu wa watu hao utaishia kwa nani.

Sheria ya nchi yetu inataka swali hilo liulizwe kabla ya ujenzi kuanza. Fiqhi yetu ililiuliza karne nyingi zilizopita.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili msomaji aweze:
1. Kueleza tathmini ya athari kwa mazingira ni nini na inatakiwa kuwa na nini nchini Burundi.
2. Kueleza mipaka ya haki ya mtu katika kiwanja chake kwa mujibu wa wanazuoni.
3. Kupiga hesabu rahisi ya maji, majitaka na taka za jengo, na kujua kama ahadi za mwenye mradi zina uzito.

1. Sheria inasemaje

Kanuni ya Mazingira ya Burundi ilipitishwa tarehe 30 Juni 2000, na ikafanyiwa marekebisho mwaka 2021. Utaratibu wa tathmini uliwekwa wazi zaidi na dekreti ya tarehe 7 Oktoba 2010. Miradi imegawanywa katika makundi mawili. Miradi ya kundi la kwanza ni lazima ifanyiwe tathmini. Ya kundi la pili hufanyiwa pale mamlaka inapoona kuwa ukubwa wa mradi au mahali ulipo panahitaji hivyo. Anayesimamia kazi hiyo ni Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, OBPE, iliyoundwa mwaka 2014 kuchukua nafasi ya taasisi ya INECN.

Tathmini iliyokamilika ina nguzo nne. Inaeleza hali ya mahali kabla ya mradi. Inataja athari zinazotarajiwa. Inaonyesha hatua za kuzuia au kupunguza madhara, pamoja na gharama zake. Tena inaonyesha njia nyingine zilizofikiriwa na sababu za kuchagua hii iliyochaguliwa.

Ndani ya nguzo hizo kuna sehemu ya huduma: maji, majitaka, maji ya mvua, taka ngumu, umeme na zimamoto. Mara nyingi ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Utasoma kuwa jengo litaungwa kwenye mtandao wa Regideso, na kwamba taka zitachukuliwa na kampuni iliyoruhusiwa, kisha basi. Maneno hayo yanajibu kama huduma ipo. Hayajibu kama inatosha, na hayasemi uchafu unakwenda wapi ukishatoka getini. Somo letu linakaa katika tofauti hiyo.

2. Fiqhi ya jirani

Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Baadhi ya watu hudhani kuwa dini inamkataza mtu kufanya chochote kinachomsumbua jirani. Suala ni pana zaidi ya hapo, na linahitaji kusomwa vizuri.

Imam Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277), katika Minhaj, anaeleza kuwa kila mwenye milki hutumia milki yake kwa kadiri ya desturi, na akivuka desturi huwajibika kulipa alichoharibu. Kisha analeta mfano ulio karibu sana na wetu: mtu ambaye nyumba yake imezungukwa na makazi anataka kuigeuza bafu la umma au zizi la wanyama. Kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kuwa inajuzu, lakini kwa sharti kwamba achukue tahadhari na aziimarishe kuta zake.

Tuliangalie sharti hilo. Bafu la umma ni maji mengi, moshi na majitaka. Zizi ni kinyesi na harufu. Ruhusa imetolewa, lakini imefungwa kwenye tahadhari. Asiyeonyesha tahadhari yake hawezi kushika nusu ya kwanza ya kauli na kuiacha ya pili.

Wamaliki wana mlango mpana zaidi katika jambo hili. Katika karne ya 14 aliishi Tunis fundi ujenzi aitwaye Ibn al-Rami, aliyeandika kitabu cha hukumu za majengo, al-I'lan bi Ahkam al-Bunyan. Makadhi walikuwa wakimtuma kwenda kukagua kuta, mifereji, vyoo, moshi na harufu, kisha arudi aeleze alichokiona ndipo hukumu itolewe. Kadhi anaijua sheria, naye fundi anajua maji yanapita wapi. Bila taarifa ya fundi, kadhi hana la kuhukumu. Tathmini ya mazingira leo ni kazi ileile ya fundi anayetumwa kukagua, isipokuwa kwamba leo anatumwa kabla ya madhara kutokea.

Kwa upande wa Mahanafi, dola ya Uthmaniya iliandika kanuni za muamalati ziitwazo Majalla kati ya 1869 na 1876. Kifungu cha 1212 kinazungumzia mtu aliyechimba shimo la uchafu au kupitisha mfereji karibu na kisima cha mwenzake, maji yakaharibika. Hukumu ni kuwa madhara hayo yaondolewe, na yasipoweza kuondolewa, shimo au mfereji huo ufukiwe.

Madhehebu haya yanatofautiana kuhusu pa kuanzia. Mashafi wanaangalia desturi na tahadhari, na Wamaliki wanaangalia zaidi madhara yanayomfikia jirani. Lakini wote wanahitaji kujua jambo moja kabla ya kutoa hukumu: kiasi gani cha maji na uchafu kitatoka, na kitaelekea wapi. Kwa hiyo tupige hesabu.

3. Mfano: hosteli ya wanafunzi 200

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu anataka kujenga hosteli ya wanafunzi 200 katika Jabe, yenye chumba cha swala. Makadirio tutakayotumia ni yetu kwa ajili ya zoezi. Mwenye mradi anaweza kuleta mengine, ila lazima alete.

Maji. Tukikadiria lita 80 kwa mtu kwa siku, jengo linahitaji lita 16,000 kila siku. Maji mengi ya mji wa Bujumbura hutoka Ziwa Tanganyika, husafishwa na kusukumwa na Regideso. Kusukuma kunahitaji umeme, na hapo huduma mbili zimeshafungamana: umeme ukikatika, hata pampu ya jengo inasimama. Akitaka akiba ya siku mbili, anahitaji lita 32,000. Hizo ni tani 32. Zikiwekwa juu ya paa bila mhandisi kuzihesabu, nguzo zinabebeshwa mzigo usiomo kwenye mchoro. Zikiwekwa chini, pampu inahitajika. Swali la jirani pia lipo hapa: hosteli ikivuta maji kwa pampu moja kwa moja kutoka bomba la mtaa, nyumba za ng'ambo zitabaki na bomba linalopuliza hewa. Tahadhari ni tangi la chini linalojaa polepole, hasa usiku.

Sasa udhu. Tuseme kila mmoja anatawadha mara nne kwa siku hosteli, na kwa bomba lililoachwa wazi anatumia lita 6 kila mara. Kwa watu 200 hizo ni lita 4,800 kwa siku, karibu theluthi ya maji yote. Imepokewa kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Tukiridhika na lita 2 tu, kwa bomba linalojifunga, matumizi yanashuka hadi lita 1,600. Tumeokoa lita 3,200 kila siku bila kumnyima mtu sunna yoyote.

Majitaka. Kwa kawaida karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia hutoka yakiwa machafu. Hapa ni lita 12,800 kwa siku. Bujumbura ina mtandao wa majitaka unaopeleka uchafu kwenye mabwawa ya kusafishia ya Buterere, lakini mtandao huo unahudumia sehemu tu ya mji. Kwa hiyo neno "litaungwa" halitoshi. Tathmini itaje bomba liko mtaa gani, kipenyo chake, hali yake, na barua ya mamlaka inayokubali kiasi hicho.

Kama hakuna bomba, mwenye mradi atachimba shimo. Tuseme ni tangi lisilovuja la lita 50,000. Litajaa kwa siku nne. Gari la kunyonya likiwa na uwezo wa lita 10,000, zitahitajika safari tano kila siku nne, mwaka mzima. Gharama hiyo isipotajwa kwenye tathmini, tujue kwamba haitalipwa, na shimo litapasuliwa usiku lielekee mferejini. Na ikiwa ni shimo la kunywesha ardhi, kiwanja kidogo hakiwezi kumeza lita 12,800 kila siku, hasa wakati wa masika, pale ardhi ya tambarare ya ziwa inapokuwa imeshashiba.

Hapa fiqhi ya tahara inaungana na uhandisi. Kwa Mashafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni tahiri ingawa hayatwaharishi tena. Maana yake yanaweza kumwagilia mti au kusukuma choo bila tatizo lolote. Lakini yakipitishwa bomba moja na ya chooni, yote yanakuwa majitaka ya kusafishwa kwa gharama. Bomba la udhu litenganishwe tangu kwenye mchoro, kwa sababu kulitenganisha baada ya jengo kukamilika ni kuvunja kuta.

Mvua. Paa la mita za mraba 500 likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 25,000, karibu mara mbili ya majitaka ya siku nzima. Kiwanja kilichokuwa na udongo na mwembe kilikuwa kinameza sehemu ya maji hayo. Kikishasakafiwa, yote yanakwenda mtaroni, na kutoka mtaroni kwenye mito kama Ntahangwa, kisha ziwani. Mji huu unakumbuka usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mafuriko yalipoua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini. Hakuna jengo moja lililosababisha hayo, ila kila sakafu ya saruji huchangia mkondo ule. Matangi ya kuvuna mvua hupunguza mchango huo na kuongeza akiba ya maji.

Taka ngumu. Kwa nusu kilo ya taka kwa mtu, hosteli hutoa kilo 100 kwa siku. Gari likija mara moja kwa wiki, hizo ni kilo 700, zaidi ya mita za ujazo mbili, na sehemu kubwa ni mabaki ya chakula yanayooza. Gari likikosa wiki moja tu, ni kilo 1,400. Je, mchoro unaonyesha chumba cha kuziweka, chenye paa, sakafu ya kuoshwa na mlango? Kama hakipo, chumba hicho kitakuwa mtaro wa jirani.

Na zikichukuliwa, huenda Buterere, kwenye jaa la wazi la mji. Buterere nako kuna watu. Wanavuta moshi wa taka zetu, na watoto wao huokota humo. Hatuwezi kuhesabu kuwa madhara yameondoka kwa sababu tu yamevuka mitaa kadhaa. Kutenga mabaki ya chakula kwa ajili ya mboji au mifugo kunaweza kupunguza mzigo huo pakubwa. Kuhusu mifuko ya plastiki, nchi ilikwisha kuipiga marufuku kwa dekreti ya tarehe 8 Agosti 2018, kwa hiyo tathmini isiihesabu kama kifaa cha kukusanyia.

Umeme na moto. Jenereta ni suluhisho la mwenye jengo na ni moshi na kelele kwa dirisha la jirani. Hukumu yake ni ile ya bafu la Imam Nawawi: iwekwe kwa tahadhari, katika chumba chenye kuta, na bomba la moshi lililo juu ya madirisha. Kuhusu moto, Bujumbura ina somo lake. Asubuhi ya Jumapili tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu liliungua, na moto ukashinda uwezo wa zimamoto wa mji hadi Rwanda ikatuma helikopta kusaidia. Maelfu walipoteza mitaji, na wafanyabiashara wengi wakatawanyikia masoko ya mitaani, ambayo nayo yalibeba mzigo yasiyojengewa. Tathmini ya jengo lolote la watu wengi itaje maji ya kuzimia moto yako wapi, na kama gari la zimamoto linaweza kuingia katika avenyu hiyo.

4. Hoja tatu zinazosikika

Hoja ya kwanza: "Ziwa ni kubwa, halinajisiki." Ni kweli kuwa kwa Mashafi maji yaliyofika qullatayn hayawi najisi ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Lakini hukumu ya tahara si cheti cha afya. Maji yanaweza kufaa kwa udhu na yakabeba vimelea vya kipindupindu. Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo, na ulianzia upande wa mji huu huu. Aidha, Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake hukaa karne nyingi kabla ya kubadilishwa. Tunachokimwaga leo kinabaki na wajukuu zetu, na pia na wenzetu wa Kongo, Tanzania na Zambia tunaoshirikiana nao ziwa hili. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotulia, na akaonya juu ya kujisaidia kwenye maji wanayoyaendea watu, njiani na kivulini. Uchafu wa jengo zima hauwezi kuwa na hukumu nyepesi kuliko ya mtu mmoja.

Hoja ya pili: "Mtaa huu ndivyo ulivyo siku zote." Miongoni mwa misingi iliyotajwa katika Majalla ni kuwa madhara hayahalalishwi na ukongwe wake. Mtaro uliopokea uchafu kwa miaka 40 haujageuka kuwa haki ya mtu. Tena nyumba ya watu kumi na hosteli ya watu 200 si desturi moja. Aliyevuka desturi amekwisha kutoka katika ruhusa aliyoitaja Nawawi.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi kwetu: "Hili ni jengo la wakfu, mapato yake ni ya msikiti na yatima." Kheri ya mapato haifuti haki ya jirani. Bibi anayeishi nyuma ya ukuta, ambaye ua wake umegeuka tope la choo, hajauza haki yake kwa sababu kodi ya jengo inasomesha yatima. Jengo la Waislamu lilipaswa kuwa la kwanza kuleta hesabu zake mezani, maana jirani asiye Mwislamu ataijua dini yetu kwa mfereji wetu kabla hajaijua kwa mihadhara yetu.

5. Maswali ya kwenda nayo

Mtaa unapoitwa kutoa maoni kuhusu mradi, nendeni na maswali haya, kwa adabu na kwa maandishi:

1. Jengo litatumia lita ngapi kwa siku, na nani amethibitisha kuwa bomba la mtaa linatosha bila kuwapunguzia waliopo?
2. Majitaka ni lita ngapi, yanafika wapi, kwa bomba au gari gani, na nani analipa mwaka wa tano?
3. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya paa na sakafu yanaelekea ua wa nani?
4. Gari la taka likikosa kuja wiki mbili, taka zinakaa wapi?
5. Miradi mingine iliyokwisha kuruhusiwa katika mtaa imehesabiwa pamoja na huu?

Swali la tano husahaulika mno. Kila ghorofa likipimwa peke yake linaonekana dogo. Bomba la mtaa halijui hesabu ya mmoja mmoja, linabeba jumla.

Hitimisho

Fiqhi haimzuii mtu kujenga. Inamruhusu, kisha inamtaka aonyeshe tahadhari yake. Sehemu ya huduma katika tathmini ndipo tahadhari hiyo inapoonekana au kukosekana. Penye ahadi bila kiasi, bila mahali na bila mlipaji, tahadhari haijaonyeshwa, na jirani ana haki ya kusema hivyo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Baada ya jengo kusimama, ukweli ni uleule, lakini kuondoa madhara kutamgharimu kila mtu zaidi.

Zoezi la vikundi

Jumamosi moja baada ya kazi za pamoja, kila kikundi kichague mtaro mmoja wa Jabe, Buyenzi au Nyakabiga na kuufuata kwa miguu hadi unapoishia. Andikeni nyumba ngapi zinamwaga ndani yake, wapi umeziba, na umeziba kwa nini. Kisha pigeni hesabu ya hosteli ya mfano wetu kwa kutumia idadi ya watu wa jengo mnaloishi. Leteni majibu kwenye darsa, na mwanafunzi wa uhandisi akae pamoja na mwanafunzi wa sharia wakati wa kuyajadili, kama kadhi wa Tunis na fundi wake.